Biblia ya Union Version yenye marejeo, ni nzuri sana kwa kusoma habari za ibada

Jamani kama unataka kujua kuabudu kweli ni nini nunua hii Biblia, ile tafsiri ya 1952 lakini yenye marejeo pembeni, yaani inakuonyesha mistari mingine inayohusiana. Nilianza na Yohana 4, yule mama Msamaria anauliza tuabudu huku mlimani au Yerusalemu, Yesu anamwambia waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli, ukiendelea kufuata ibada inavyotajwa kwingine unafika Warumi 12:1, toeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai, "ndiyo ibada yenu yenye maana". Yaani mwili mzima, Jumatatu kazini, sokoni, nyumbani na mkeo! Halafu Amosi 5 ndo inachoma, Mungu anakataa nyimbo na vinanda vya Waisraeli, anataka hukumu na haki. Sisi tunanunua spika kubwa kila mwaka na mjane wa jirani hatumjui, inauma kwa kweli.

Maandishi ni madogo, wazee watahitaji miwani, na karatasi nyepesi sana usipigie mstari kwa peni ya wino mwingi. Kiswahili chake cha zamani kidogo ila kitamu. Vijana wa kwaya wanunulieni hii kabla ya sare mpya.