Redio koli ya boti: uliza inachajiwa wapi kwanza

Tangu upepo wa kusi uanze, malalamiko ya wasomaji ni yale yale: redio koli ya mkononi, haijamaliza hata msimu, imekufa. Nahodha mmoja wa boti ya watalii kule Nungwi alinitumia picha: kizibo cha mpira kimelegea, na ndani ya tundu la chaji pini zimeota kutu ya kijani.

Wauzaji watakutajia wati. Achana nazo, redio nyingi za baharini za mkononi zina wati 5 au 6, na chaneli 16 ya kuombea msaada zote zinayo. Alama ya IPX7 inamaanisha redio hukaa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, tena maji yasiyo na chumvi, vizibo vyote vimefungwa. Sisi tunachaji juu ya boti, mikono imejaa chumvi, kizibo hakijakaa sawasawa, wimbi linapita. Redio imekwisha hapo.

Namba moja kwangu ni Standard Horizon HX890, na sifichi kwamba kampuni hii naipenda. Unaichomeka kwenye kitako chake, chaji inapita kwenye vibati vya nje, kwa hiyo hakuna tundu la chaji la kunywa maji. Inaelea. Ina GPS na kitufe chekundu cha dharura: ukikishikilia, namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho wa chombo chako, na mahali ulipo vinarushwa kupitia chaneli 70 hata kama huna nafasi ya kuzungumza. Ukirudi pwani isuuze kwa maji ya bomba, pangusa vibati, ndipo uchaji.

Ya pili ni Icom IC-M94D, ambayo inakuonyesha hata meli zilizo karibu kwa AIS, mfumo wa meli kujitambulisha kwa redio, ila bei yake inauma. Ya tatu ni Icom IC-M25: nyepesi, inaelea, taa inawaka ikitumbukia. Lakini inachajiwa kwa waya wa USB, na hapo tumerudi kwenye lile tundu. Ikiwa imelowa usiichaji kabisa.

Ile redio koli ya Baofeng UV-5R si redio ya baharini.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji wanaoahidi kilomita 50. Watu wawili wakiwa kwenye mashua, mawasiliano yao ni kama kilomita 10, kwa sababu mawimbi ya VHF, ndiyo yanayotumiwa na redio hizi, hayapindi kufuata bahari. Wengine wanaingiza namba ya MMSI ya kubuni "kujaribu mtambo". HX890 inakubali namba hiyo mara moja tu. Kuibadilisha ni mpaka redio irudi kwa kampuni. Ukibonyeza kitufe chekundu, waokoaji watapokea namba isiyo ya chombo chako.

Kwa hiyo iwashe palepale dukani, fungua menyu, tazama MMSI. Ukikuta imeshajazwa, mrudishie muuzaji redio yake kabla hujatoa hela.