Tahadhari: muuzaji wa uzi wa "sufu 100%" na vifurushi vya mfarishi msimu huu wa sikukuu

Ndugu zangu wafumaji na washonaji, nimelizwa mara mbili na muuzaji mmoja ndani ya mwezi mmoja, na hadi naandika haya ukurasa wake bado unapokea oda za sikukuu. Kama wiki hizi unataka kuagiza mtandaoni uzi wa sweta au kifurushi cha mfarishi (vipande vya kitambaa vya kushonea blanketi la viraka), tafadhali soma hadi mwisho kabla hujalipa. Na kama mzigo wake tayari uko kwako, soma haraka zaidi, kwa sababu siku zako za kudai zinahesabika.

Jina lake sitaliandika. Tangu nianze kumfuatilia, picha zile zile nimezikuta kwenye kurasa nyingine mbili zenye majina tofauti, kwa hiyo mkilikariri jina la leo, kesho atawajia na jingine. Mwenendo wake ndio haubadiliki.

Nilitaka kumfumia mama sweta, na kumshonea mpwa wangu mchanga mfarishi wa viraka, vyote viwe tayari kwa sikukuu. Kwenye likizo ndipo napata saa za kukaa na sindano bila kuitwa huku na kule. Ukurasa ule ulikuwa na kila nilichotafuta: madonge ya gramu 100, "sufu halisi 100%", sindano namba 4, pamoja na maelezo ya kufuma sweta lenye misokoto mizuri kifuani. Juu kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, kwamba punguzo linaisha baada ya dakika 14. Niliufunga ukurasa nikaufungua tena jioni, saa ikaanza upya dakika 14. Hapo nilipaswa kuondoka. Sikuondoka, nikaagiza madonge 10 kwa kadi ya benki. Siku chache baadaye, kabla hata uzi haujafika, nikaagiza na kifurushi cha mfarishi. Safari hii alinipa punguzo la ziada ili nilipie kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, upande wa kutuma kwa marafiki na familia. Nikakubali. Nitarudi kwenye kosa hilo, maana ndilo lililonigharimu zaidi.

Namba ya kufuatilia mzigo ilikuja siku ile ile, ikanituliza. Kumbe kwa wiki 3 iliandika neno moja tu, kwamba taarifa za mzigo zimepokelewa. Hiyo maana yake lebo imechapwa. Haimaanishi kuna mzigo uliotoka. Kila nilipouliza nilijibiwa kwa upole, "usijali mpendwa, msimu una mizigo mingi, subiri siku 5". Zikiisha 5, nyingine 7. Nilipigwa kalenda hivyo mpaka likizo ikaanza.

Uzi ulipofika, donge la kwanza nililoshika lilikuwa jepesi mno mkononi. Nikaliweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 74. La pili 73. La tatu 75. Kwa ujumla robo ya uzi niliolipia haikuwemo. Lebo ilikuwa na jina la rangi lakini haikuwa na namba ya mkupuo wa rangi, ile namba inayoonyesha madonge yametiwa rangi pamoja katika pipa moja. Mfumaji yeyote anajua kwamba "bluu" ya mkupuo huu na "bluu" ya mkupuo ule si rangi moja, hata kama jina ni lile lile. Usiku chini ya taa yote yalionekana sawa. Asubuhi niliyapanga dirishani: sita yalikuwa bluu ya wino, manne yalikuwa yanaelekea kijivu. (Ukijikuta na tatizo hilo tu na uzi wenyewe ni mzuri, fuma kwa madonge mawili kwa zamu, mistari 2 huku na 2 kule, na tofauti itamezwa na kitambaa. Mimi tatizo langu halikuishia hapo.)

Nilifuma kipande cha kujaribia, vitanzi 24, nikakipiga mvuke wa pasi kama ninavyofanya siku zote kwa sufu. Sufu ikipata mvuke hutulia, kisha hurudi na uchangamfu wake. Kipande hiki kililegea papo hapo. Mpindo wa chini, ule unaotakiwa kuvutika na kurudi, ulilala bapa ukang'aa, na nilipouvuta haukurudi. Hiyo ni tabia ya akriliki iliyokutana na joto.

Ili nisimsingizie mtu, nikajaribu kwa moto. Nilikata uzi wa urefu wa kidole, nikaushika kwa kibano juu ya sinki la chuma, maji yakiwa karibu na watoto wakiwa mbali. Sufu hushika moto kwa uzito, ukiitoa kwenye moto hujizima, inanuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake ukilibonyeza husagika kuwa unga. Pamba huwaka haraka, inanuka kama karatasi, na huacha jivu laini la kijivu. Ule uzi wangu uliwaka ukiyeyuka na kudondosha matone, na ncha yake ilibaki kishanga cheusi kigumu ambacho ukucha haukuweza kukivunja. Hakukuwa na harufu ya nywele hata kidogo. Akriliki tupu.

Sina ugomvi na akriliki. Ni rahisi kufua, na wapo wasiovumilia sufu kwenye ngozi. Ila inayeyuka, na kitu kinachoyeyuka kikigusana na moto hung'ang'ania ngozi. Anayemfumia mtu anayekaa karibu na jiko, au mtoto, ana haki ya kujua ameshika nini mkononi. Ukisema sufu na kulipisha bei ya sufu, iwe sufu.

Kama hutaki kuwasha moto, lowanisha ncha mbili za uzi, zilalishe pamoja, uzisugue kwa nguvu katikati ya viganja hadi vipate joto. Sufu ya kawaida itashikana ikawa uzi mmoja. Akriliki itakauka ikiwa vile vile, ncha mbili. Angalizo: sufu iliyotibiwa ili ifuliwe kwa mashine nayo haishikani, kwa hiyo kipimo hiki kikifeli usihukumu bado. Moto ndio utakaokupa jibu.

Maelezo ya kufuma nayo yalikuwa hewa. Faili la kurasa 4, picha nzuri juu, maneno mengi chini. Yanakuambia uanzishe vitanzi 110 kwenye sindano ya mduara, kisha urudie 2 vya mbele na 2 vya kinyume mzunguko mzima. 110 haigawanyiki kwa 4. Ukifika mwisho wa mzunguko unabaki na vitanzi 2 vya mbele vinavyokutana na 2 vya mbele vya mwanzo, na mpindo wote una kovu. Mzunguko wa 9 unakuambia upunguze vitanzi 8, halafu kwenye mabano kumeandikwa "vitanzi 110". Hakuna binadamu aliyewahi kulifuma sweta hilo. Niliporudi kuitazama picha kwa kuikuza, nikaona nilichopaswa kukiona mwanzo. Kwenye ufumaji wa kweli kila kitanzi cha mbele ni herufi V ndogo, na V moja hukaa juu ya nyingine kwa safu kutoka chini hadi juu. Kwenye picha ile safu zilipotea begani, msokoto mmoja uliingia chini ya mwingine haukutokea tena, na sindano ilichomoza katikati ya kitambaa bila kubeba kitanzi hata kimoja. Ni picha ya akili mnemba. Sasa nikitaka maelezo ya kufuma natafuta kwanza kama kuna mtu aliyeyamaliza. Ravelry, kwa mfano, tovuti ya wafumaji, ina sehemu ambapo wafumaji huweka picha za kazi walizofuma kwa maelezo yale yale, zikiwa na mikunjo na mwanga mbaya wa nyumbani. Picha za namna hiyo ndizo naziamini.

Kifurushi cha mfarishi kilikuja baadaye. Kilitakiwa kuwa na vipande 80 vya mraba, inchi 5 kwa inchi 5, vya pamba tupu, nipange 8 kwa 10. Nilihesabu 76. Nilipovipima kwa rula, vingi vilipungua kwa thumni (sehemu moja ya nane) ya inchi, na baadhi upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Thumni inaonekana kitu kidogo. Lakini washonaji wa viraka tunaacha robo inchi tu ya mshono, na kwenye mstari wa vipande 10 hizo thumni zinakuwa inchi moja na robo. Kona hazikutani. Utavuta, utapiga pasi, utafumua, na mfarishi utajikunja tu. Kisha nikachukua kipande chekundu, nikakisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowanishwa maji. Kitambaa kilitoka chekundu. Fikirieni ningekiunganisha pembeni mwa kile cheupe, niweke pamba ya kati na bitana, nishindilie mshono kwa mkono wiki nzima, halafu dada yangu aufue mara ya kwanza. Na msidanganyike kwamba chumvi au siki itaifunga rangi hiyo. Pamba iliyotiwa rangi ovyo kiwandani haiponi kwa siki, itaendelea kuchuja tu.

Nilipolalamika ndipo nilipoelewa kwamba ucheleweshaji wote ule ni sehemu ya biashara. Kwanza alisema atanirejeshea 15% nibaki na mzigo. Nikakataa, akapanda hadi 30%. Nikakataa tena, akasema nirudishe kwa gharama yangu kwenye anwani ya nchi nyingine kabisa, nauli ikizidi thamani ya uzi. Kila jibu lilichukua siku 3 au 4. Katikati ya mazungumzo aliniomba kwa maneno matamu nifunge malalamiko "ili mfumo uruhusu pesa irudi". Msifanye hivyo hata siku moja. Kwa wanaolipa PayPal upande wa ununuzi wa kawaida, ukishaufunga mgogoro (malalamiko rasmi) huwezi kuufungua tena. Na hata usipoufunga, una siku 20 za kuupandisha uwe dai kamili. Zikipita, unajifunga wenyewe. Mlango wa kwanza kabisa wa kufungua mgogoro ni siku 180 tangu ulipolipa, zinahesabiwa tangu malipo, hata kama mzigo umechelewa kufika. Ndiyo maana anakupiga danadana kwa upole. Hahitaji kushinda ubishi, anahitaji tarehe ipite.

Pesa ya uzi imerudi, kwa sababu nililipa kwa kadi. Nilipeleka benki picha za madonge yakiwa juu ya mizani, tangazo lake linalosema sufu 100%, video fupi ya uzi ukiyeyuka, na mazungumzo yote. Nashukuru sikuwa nimeanza kufuma sweta lenyewe. Muda wa kudai kwa kadi hutofautiana, kwa hiyo piga simu benki yako mapema uulize, usikisie. Pesa ya mfarishi imekwenda. Malipo ya marafiki na familia hayana ulinzi wa mnunuzi, na muuzaji anayekuomba ulipie huko anajua hilo vizuri kuliko wewe. Punguzo alilonipa ndilo lililonunua haki yangu ya kudai.

Kwa hiyo ambao mzigo wake umeshafika: msianze kufuma wala kukata kitu chochote usiku huu. Pimeni kila donge, piga picha ya mizani ikisomeka, angalieni rangi mchana dirishani, chomeni uzi kidogo, sugueni kipande chekundu na cha bluu iliyokoza kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Andikeni tarehe mliyolipa mahali mnapoiona. Ambao mnasubiri na namba ya mzigo haisogei, msikubali "siku 5" nyingine. Fungueni mgogoro leo, na kama mzigo wa kweli utafika mtaufunga wenyewe.

Ambao mna picha za ukurasa wake ukiwa na jina jingine, ziwekeni hapa chini pamoja na tarehe mlizoziona. Nimeshauripoti ukurasa mmoja, na nataka kuripoti yote kwa mkupuo. Mama nimemwambia sweta litachelewa. Uzi mwingine ninao tayari, nimeupima, ni gramu 101.