Kipimajoto cha nyama na glavu: miezi minane kwenye jiko langu Kahawa West

Nachoma nyama ya nguruwe Kahawa West, kibanda cha meza sita. Kipimajoto hiki na glavu zake nimevitumia miezi minane, lakini aliyenifanya nivinunue ni binamu yangu aliyeko Texas, Marekani, anayewinda nguruwe pori kwa upinde.

Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mteja akiniulizia nyama ya ngiri namkatalia papo hapo. Kule nguruwe pori wamezaana hadi wanafukua mashamba ya watu, na kuwawinda ni ruhusa. Nilipomtembelea mwaka jana tulitoka alfajiri. Alimvizia dume mpaka akageuza ubavu, kwa sababu begani dume ana ngozi nene na ngumu kama ngao na mshale unaweza kuishia hapo. Alipofyatua, tulikaa kimya nusu saa ndipo tukaanza kufuata damu.

Kilichonikaa moyoni ni alivyomshika mnyama baada ya kufa. Kabla ya kuingiza mkono tumboni alihakikisha mshale umepatikana wote. Chembe chake, yaani ncha ya mshale, kina makali ya wembe, na kipande kikibaki ndani kitakupasua glavu na kidole pamoja. Kisha akavaa miwani na glavu mbili, fupi ndani, ndefu ya kupita kiwiko juu yake. Nguruwe pori hubeba brusela, akaniambia, na bakteria hao huingia kwenye mchubuko mdogo tu, au damu ikikurukia jichoni. Nilinyamaza. Nimekata nguruwe miaka kumi na moja kwa mikono mitupu, na vidole vyangu havikosi alama ya kisu.

Basi niliporudi Nairobi nikanunua. Glavu za bluu za nitraili, boksi la mia, ni nzuri: hazitelezi kwenye mafuta na hazipasuki ovyo. Zile ndefu za plastiki hazinifai. Zinashuka hadi kwenye kifundo cha mkono kila ukiinama, nikawa nazifunga kwa raba. Na mtu asidanganyike, hakuna hata moja kati ya hizi inayozuia kisu.

Kipimajoto ndicho cha kusimulia. Siku ya kwanza nilikichovya kwenye maji yanayotokota, kikasoma nyuzi 94 za Selsiasi. Nikakirudisha dukani nimekasirika, muuzaji akanibadilishia bila ubishi. Cha pili nacho, 94. Nikampigia binamu, naye akachemsha maji kwake: 100. Aliyenitoa gizani ni binti yangu wa kidato cha tatu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa huku inasukuma kwa nguvu ndogo, kwa hiyo maji huchemka mapema. Kipimajoto kilikuwa kizima tangu mwanzo. Nilirudi kwa yule muuzaji nikamwomba msamaha. Sasa nakijaribu kwa barafu: glasi iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo, nakoroga, nangoja, lazima kisome 0.

Wiki ileile nilitoa paja kwenye moto, nje limeiva rangi ya kupendeza, nikalidunga katikati: 58. Nililirudisha motoni huku nikiwaza ni mapaja mangapi nimeuza kwa kutazama rangi tu. Nyama ya nguruwe pori kule hupikwa hadi 71, na mimi nimeshika namba hiyohiyo kwa kila kipande, ingawa nguruwe wa kufugwa anaweza kutolewa chini kidogo ya hapo. Nyama yangu ina mhuri wa mkaguzi, na bila mhuri siipokei. Hata hivyo mabuu ya tegu, yale kama punje za mchele, yakiwa machache jicho linaweza kuyapita. Moto uliofika katikati hauyapiti. Dunga sehemu nene kuliko zote, mbali na mfupa, na usidunge kwenye mafuta matupu. Ukitoa sindano, ifute kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kudunga tena, la sivyo unarudisha ubichi kwenye nyama iliyoiva.

Kasoro ninazo. Kinachukua kama sekunde kumi kutulia, na moto wa mkaa haukungoji. Kioo hakina taa, kwa hiyo usiku namulika kwa simu. Plastiki ya kishikio imeyeyuka ukingoni nilipokiweka karibu na jiko, na kijitabu chake hakikutaja chochote kuhusu hilo. Maneno yote mle ni ya kuoka kwenye ovena, kana kwamba hakuna anayechoma.

Wateja wawili walidhani nawachelewesha kwa makusudi. Niliwaonyesha namba ikipanda kutoka 66, wakakaa kuitazama hadi ikafika. Mmoja wao siku hizi huuliza "imefika?" kabla hajaagiza ugali.

Glavu ndefu sitanunua tena. Kipimajoto kikifa usiku huu, kesho jiko haliwashwi mpaka nitoke dukani na kingine.