Nilivyotoa giaboksi ya oto nikaweka ya klachi kwenye Mark II, nyumbani Makorora: uzoefu wangu na seti ya mtumba

Naandika kwa ajili ya mwenye Toyota Mark II GX100, au Chaser na Cresta za enzi hiyohiyo zenye injini ya 1G, ambaye giaboksi yake ya oto imeanza kuteleza na fundi keshamwambia atafute nyingine. Mwaka jana nilikuwa hapo. Badala ya kununua oto nyingine niliagiza seti ya mtumba ya gia za mkono kutoka Dar es Salaam, tukaifunga uani kwangu Makorora, Tanga, mimi na mjomba wangu na fundi mmoja wa jirani. Sasa ni miezi minane gari linatembea. Kazi yenyewe nimeridhika nayo sana. Seti niliyouziwa ndiyo yenye maneno, na nitasema wazi palipopungua.

Gari hili ndilo linalotupeleka Lushoto kwa wakwe zangu, na kurudi hurudi na viroba vya viazi na makabichi hadi buti linainama. Njia yetu ni Muheza, Segera, Korogwe, kisha Mombo, na kuanzia hapo ni kilima na kona mtindo mmoja, kilomita thelathini na kitu hadi Lushoto mjini. Oto ilianza kwa kuchelewa kushika. Unatoa P unaweka D, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari linashtuka. Baadaye, tukiwa juu kidogo ya Soni, injini ikapanda mlio ghafla huku gari likizidi kupunguza mwendo, na nyuma yangu kuna Coaster imejaa watu. Nilipofika pa kuegesha nikachomoa dipstiki ya giaboksi. Mafuta ambayo yanatakiwa yawe mekundu yalikuwa meusi na yananuka kuungua.

Mjomba ameendesha malori ya mkonge tangu ujana wake. Aliyanusa mara moja tu. "Mwanangu, klachi za ndani zimekwisha. Hata ukibadilisha mafuta mara kumi hazirudi."

Oto ya mtumba nilitajiwa laki saba. Tatizo ni kwamba hakuna namna ya kuijua kabla hujaifunga. Ndani yake kuna sahani za klachi, vali na solenoidi usizoziona, na ukishaifunga ikakataa, muuzaji atakwambia fundi wako ndiye aliyeiharibu. Giaboksi ya mkono unaweza kuiweka chini, ukaizungusha shafti kwa mkono, ukaingiza gia zote moja baada ya nyingine na kusikiliza. Ukiona mafuta yake yana vipande vya chuma, unaiacha. Hilo peke yake lilitosha kuniamulia.

Seti ilikuwa 950,000, giaboksi ya gia tano ya familia ya W ya Toyota. Niliongea na muuzaji kwa simu zaidi ya nusu saa na kumtajia kitu kimoja kimoja: giaboksi pamoja na nyumba yake ya mbele ya 1G (kwenye hizi W nyumba ya mbele, ile inayoshikana na injini, inafunguka, kwa hiyo unaweza kuletewa boksi zima lenye nyumba ya injini nyingine lisikae kabisa), flaiwili (lile duara zito la chuma linalofungwa nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini) na bolti zake, presha pleti, klachi pleti, beringi ya kusukumia na uma wake, pedeli, masta ya juu na ya chini (pampu za mafuta ya klachi) na bomba lake, kipande cha mbele cha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), mguu wa giaboksi na leva. Akaniapia kwamba vyote vimetoka gari moja na kila kitu kimo. Mzigo ukaja kwa basi, nikaupokea stendi ya Kange saa nne usiku.

Asubuhi tukaumwaga chini ya mwembe. Giaboksi ilikuwa safi, hilo nampa haki yake. Gia ziliingia kwa mlio mdogo mtamu, shafti haina mchezo. Flaiwili haikuwa na alama za kuungua. Pedeli zilikuwa nzima na zilikaa moja kwa moja, hata ukuta wa nyuma ya injini ulikuwa na sehemu ya masta ya klachi imeshawekewa alama kiwandani na kuzibwa kwa kibati, tukakitoa tu. Lakini bolti za flaiwili hazikuwemo. Kile kipande cha propela kilikuwa cha oto, sawasawa na kile nilichokuwa nacho. Na kulikuwa na kitu cha tatu ambacho siku ile hatukukijua.

Nilipompigia muuzaji kuhusu bolti alinijibu kwa utulivu kabisa: tumia zile za zamani, zitaingia tu.

Ni kweli zinaingia. Mjomba alizisimamisha mbili pamoja juu ya ubao, ya oto na moja aliyoazima kwa jirani mwenye gari la klachi, akaniita nizitazame. Ya oto ilikuwa fupi kwa karibu upana wa kidole. Imetengenezwa kushika bati jembamba linalobeba konveta, ile ngoma ya mafuta inayoshika nafasi ya klachi kwenye oto, wakati flaiwili ni chuma kinene. Ukiitumia hiyo fupi, inashika nyuzi chache tu mwishoni mwa krenki, na chuma kizito kama kile kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu kabisa na miguu ya dereva. Ushauri ule ulinikera kuliko kitu chochote katika safari hii yote, maana unaweza kumuua mtu. Bolti sahihi tulizipata Ngamiani baada ya kuzunguka maduka matatu. Wakati huohuo tukanunua sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu pale penyewe pakiwa wazi ni dakika chache kuibadilisha, na ikija kuvuja baadaye inalowesha klachi na unashusha giaboksi upya.

Kuhusu propela, kuna mtu alijitolea kuikata na kuichomelea ili urefu utoshe. Nilikataa. Propela isipokuwa sawa mizani, inatetemesha gari zima kwenye mwendo na kula beringi ya katikati. Muuzaji alikubali kutuma kipande sahihi baada ya wiki nzima ya simu, na nauli ya basi nililipa mimi.

Kushusha oto kulituchukua Jumamosi moja. Usilale chini ya gari lililokaa kwenye jeki peke yake wala kwenye matofali. Tofali linapasuka bila kutoa taarifa. Tulitumia stendi nne za chuma za kuazima, na pembeni tukaweka magogo mawili manene chini ya chesesi. Toa konveta pamoja na giaboksi yake, usiiache imening'inia, na weka karai kubwa maana mafuta hayaishi kutiririka. Yale mabomba mawili yanayokwenda kwenye rejeta kupoza mafuta ya oto huyahitaji tena. Tuliyatoa na kuziba matundu yake vizuri.

Klachi pleti, upande wenye springi unatazama presha pleti. Bolti zinakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo. Pleti lazima iwe katikati barabara, la sivyo shafti haiingii hata mkisukuma watu watano. Fundi alichonga kijiti cha mpera chenye unene wa shafti akakitumia kuishikilia.

Jumapili jioni giaboksi ilikuwa juu na imefungwa. Kutoa hewa kwenye klachi nilifanya na binti yangu wa miaka kumi na mmoja, yeye kwenye kiti cha dereva, mimi chini na spana ya kumi.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, baba."

"Shikilia. Usiachie." Nafungua kidogo, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga. "Achia."

Tulifanya hivyo zaidi ya mara ishirini hadi mafuta yakatoka bila povu hata moja na pedeli ikawa ngumu chini ya mguu wake. Mama yake alikuwa anaongeza mafuta ya breki kwenye kopo la juu, kwa sababu likikauka hewa inaingia upya na mnaanza moja.

Tukawasha. Injini ikawaka vizuri. Nikakanyaga klachi, nikavuta kwenda gia ya kwanza, ikakataa na kukwaruza. Ya pili vilevile. Injini ikizimwa, gia zote zinaingia kama kisu kwenye papai. Tukatoa hewa tena, tukarekebisha fimbo ya pedeli, hola. Na ukiachia klachi kunasikika mlio mwembamba kama wa nzi ndani ya chupa.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu, akapokea kahawa, kisha akauliza: "Pailoti mliweka?" Tukatazamana. Krenki ya gari lililotoka kiwandani na oto haina ile beringi ndogo inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Konveta haiihitaji. Kwenye gari la klachi bila hiyo beringi ncha ya shafti inaelea, pleti inaendelea kuburuzwa hata ukiwa umekanyaga klachi, na gia haziingii. Ndicho kile kitu cha tatu kilichokosekana kwenye seti. Bei yake 15,000, ukubwa wake unatosha kwenye kiganja cha mtoto, na kwa ajili yake tulishusha giaboksi nzima upya Jumatatu, siku niliyoomba ruhusa kazini. Tundu tulilikuta tupu, lina kutu kidogo. Tukalisafisha kwa msasa laini na kuigonga beringi taratibu kwa kipande cha bomba kinachogusa ukingo wa nje tu. Tulipowasha safari hiyo, gia ya kwanza iliingia kwa vidole viwili.

Umeme haukutusumbua sana. Kwenye oto, waya wa stata unapita kwenye swichi ya P na N, hivyo ukiondoa giaboksi gari haliwaki kabisa. Fundi alitaka kuunganisha waya hizo mbili moja kwa moja. Inafanya kazi, ila gari litaweza kuwaka likiwa ndani ya gia, na mtoto akigeuza funguo linaruka. Niliomba tuweke swichi kwenye pedeli ya klachi. Bila kukanyaga, stata haizunguki. Taa za rivasi zilihamishiwa kwenye swichi iliyopo ubavuni mwa giaboksi mpya. Taa ya O/D OFF (ya gia ya juu ya oto) kwenye dashibodi ikawa inapepesa, kwa sababu kompyuta inazitafuta solenoidi za oto na haizioni. Wengi hutoa globu wakamaliza. Mimi nilitafuta kompyuta ya 1G ya gari la klachi na kuibadilisha mwezi uliofuata.

Mafuta ya giaboksi 75W-90, unajaza hadi yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa. Usiweke yale mekundu ya oto kwa kuwa yalibaki.

Jumla nzima, na kompyuta, bolti, beringi, mafuta na fundi laki mbili, ilikaribia milioni moja na laki nne. Yaani ghali kuliko ile oto ya laki saba. Anayetafuta unafuu wa bei tu, hii siyo njia yake.

Nilichokipata nimekipata barabarani. Mwezi wa kwanza tu tulipanda Lushoto wote watano na mizigo. Kona kali gia ya pili, ikinyooka ya tatu, na gari linafanya ninachotaka mimi bila kusita. Kushuka ndiko kulikonifurahisha zaidi: kutoka Soni hadi Mombo nimeshuka na gia ya pili na ya tatu, injini inashikilia gari, breki nazigusa tu, na tulipofika chini hakukuwa na ile harufu ya breki niliyoizoea. Najua oto nayo ina 2 na L za kushukia. Yangu tu ilikuwa imeshachoka hata ukiweka L haishiki. Mafuta ya petroli naona nafuu, kama kilomita kumi kwa lita safari ndefu, zamani nane. Ila zamani giaboksi ilikuwa inateleza, kwa hiyo siwezi kusema tofauti yote ni ya klachi.

Mke wangu alijifunzia udereva kwenye oto. Ilibidi tuwe tunakwenda Raskazone Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, ajizoeze kuachia klachi, na mpaka leo foleni ya Ngamiani siku ya soko inamchosha. Hilo nilitakiwa kumshauri kabla ya kununua, si baada. Pia ukija kuliuza, jua kwamba wanunuzi wengi wa Mark II wanaulizia oto.

Giaboksi na klachi nazipa nyota tano. Muuzaji nampa mbili, moja ya ubora wa boksi lenyewe na moja ya kutuma propela hata kama ilikuwa baada ya wiki. Ukiagiza, mwambie apige picha kila kitu kikiwa sakafuni pamoja, na picha ya propela pembeni mwa futi kamba, kabla hujatuma hela.

Kopo la mafuta ya klachi nalikagua kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Halijashuka hata nusu alama.