Apu ya ibada ya asubuhi, masomo mazuri ila matangazo sasa!

Somo la kujitoa kwa Mungu ndo limenishika zaidi, maana halikuambii tu mwachie Mungu yote afu likaishia hapo, linakupeleka Warumi 12:1 kwenye dhabihu iliyo hai, afu Luka 9:23 pale Yesu anaposema mtu ajitwike msalaba wake kila siku, kila siku jamani sio ile siku ya kuokoka tu. Mwishoni unaulizwa, kitu gani hutaki Mungu akiguse, hela? mchumba? simu? Aisee linachoma hilo. Sauti ya msomaji iko poa. Ila tangazo la kubeti kuingia katikati ya maombi ya Yesu Gethsemane, kweli?? Wakiyatoa nawapa nyota tano, kwa sasa tatu zinawatosha.