Mifuko ya polyesta ya kuhifadhia karatasi za zamani: bei imesimama ila mzigo upo

Wakuu mnaokusanya noti, stempu, postikadi na makaratasi ya wazee, hii mifuko naitumia tangu mwaka jana. Ni plastiki angavu ya polyesta, si kitambaa, wengi wanaijua kama Mylar, na mimi nilichukua ile pakiti inayokuja na karatasi za kunyonya unyevu humohumo.

Mifuko yenyewe safi sana. Inaonyesha vizuri, imekakamaa kiasi kwamba noti haijikunji, na haina harufu. Kwenye harufu ndo pa kuangalia, maana zile albamu laini za stationery ukizifungua zinanuka kama pazia jipya la bafuni, hiyo ni plastiki ya PVC, imewekewa kemikali ya kuilainisha na kwa joto la Dar inatoka mdogomdogo inahamia kwenye karatasi. Mjomba ana ile noti ya shilingi ishirini yenye picha ya jahazi ya 1964, ya East African Currency Board, bodi iliyokuwa ikitoa pesa za Afrika Mashariki kabla ya hizi za BoT, Benki Kuu yetu, kuanza 1966, imekaa kwenye albamu ya hivyo miaka na miaka, leo ukiigusa inanata kidoleni. Inauma kwa kweli.

Sasa zile karatasi za kunyonya, hapana, nyepesi mno. Kunyoosha kitu kilichojiviringisha unachukua kontena lenye mfuniko, sponji mbichi chini, wavu juu yake, cheti chako kinakaa juu ya wavu kisiguse maji, unafunika masaa kadhaa mpaka kilegee, halafu unakibana katikati ya karatasi za kunyonya, juu kioo na vitabu vizito, na hizo karatasi unazibadilisha zikishika unyevu. Hizi za kwenye pakiti zinalowa chap na kujikunja zenyewe, cheti kinatoka na mawimbi. Tafuta nene, nunua pembeni.

Halafu maelezo yao yanasema njia hii inafaa karatasi zote, si kweli bana. Barua ya wino wa kalamu ya zamani jaribu kwanza kwenye nukta moja kwa kijiti cha pamba chenye unyevu, wino ukitoka achana nayo. Picha usiweke. Na noti usinyooshe kabisa, pasi ndo usiseme, ule wino uliotuna unaousikia ukipitisha kidole unalala, wakusanyaji wanalijua hilo haraka na bei inashuka hapohapo.

Kitu kingine, polyesta ina ile umeme umeme ya kuvuta vumbi, kwa hiyo mchoro wa penseli au mkaa usiuweke humo, unabanduka kidogokidogo. Ila kwamba mfuko uko wazi pande mbili mi nimependa, na unyevu wetu huu ukiziba kote unafuga ukungu. Naweka na vipakiti vya silika jeli kwenye boksi, selotepu marufuku.

Nyota nne. Saizi ya A4 hawana, wakileta nachukua tena, zile karatasi zao wabaki nazo.