Shadow Boost kwenye Fallout 4 yenye modi kibao: vivuli vipungue, fremu zibaki

Wakuu, kama unacheza Fallout 4 kwenye kompyuta ya kawaida, umejaza modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) mpaka folda ya Data inalia, na kila ukivuka mto Charles kuingia katikati ya Boston gemu inaanza kukatakata, Shadow Boost, inayofupisha au kurefusha umbali wa vivuli yenyewe kulingana na kasi ya fremu, ndiyo plagini ya kwanza ningekushauri uweke. Ni ya bure, ni faili dogo ambalo bando lako halitalihisi, haina esp (faili la modi) ya kupangia nafasi kwenye orodha, na haiachi kitu ndani ya sevu zako. Ukiichoka unaifuta, basi. Nimekaa nayo muda wa kutosha kujua inapofaa na inapochemsha.

Mashine yangu kwanza, maana bila hiyo namba zangu hazitakusaidia. Core i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 16, GTX 1060 ya GB 6, skrini ya 1080p yenye Hz 60. Huko mashambani, kuanzia Sanctuary hadi kwa akina Abernathy, fremu 60 kwa sekunde zinasimama bila kutetereka. Kasheshe ni mjini. Kati ya Boston Common, Goodneighbor na Faneuil Hall nilikuwa nasoma 36, 38, nikibahatika 41, na wakati huo kadi ya picha inajikunia zake tu, matumizi yake hayafiki hata asilimia 60. Ukiona hivyo usikimbilie kutafuta kadi nyingine. Anayehema ni prosesa.

Chanzo ni jinsi kivuli cha jua kinavyotengenezwa. Kabla injini haijakuonyesha barabara, inakwenda kusimama upande wa jua, inachora kila jengo, kila mti na kila gari bovu kama vinavyoonekana kutoka huko, inaandika umbali wa kila kitu kwenye ramani ya vivuli, ndipo inarudi kukuchorea wewe. Kila kinachochorwa ni amri ambayo prosesa lazima iiandae na kuipeleka kwenye kadi, na vivuli maana yake amri zinarudiwa. Mashambani vitu ni vichache. Mjini ni magofu yaliyobanana, ngazi za chuma, takataka, na juu yake modi zako za miti na vifusi. Waliotengeneza gemu walilijua hilo, ndiyo maana vitu vingi vya mji viliunganishwa kuwa vipande vikubwa vinavyochorwa kwa mkupuo mmoja. Sasa zile modi zinazokuruhusu kubomoa chochote mtaani huvunja vipande hivyo, na kila rundo la matofali linarudi kudai amri yake peke yake. Nilikuwa nayo moja ya aina hiyo. Nilipoitoa na kuweka PRP (PreVis Repair Pack), ile modi inayokarabati vipande hivyo, fremu kadhaa zilirudi kabla sijagusa kivuli hata kimoja. Anza na hilo. Shadow Boost haiwezi kuziba tundu hilo.

Tuje kwenye vivuli vyenyewe. Dirisha la kuanzishia gemu lina mistari miwili inayovihusu: ubora na umbali. Wengi huiweka yote juu au yote chini kwa pamoja, lakini gharama zake hazifanani. Ubora ni ukubwa wa ramani ya vivuli, ile iShadowMapResolution ndani ya Fallout4Prefs.ini, faili la mipangilio ya gemu. Ukiweka 2048 ramani ina nukta milioni 4.2, ukiweka 4096 zinafika milioni 16.8, mara nne, na mzigo huo unaangukia zaidi kadi. Umbali ni fDirShadowDistance, yaani vivuli vya jua vichorwe hadi wapi. Daraja la juu kabisa huweka 20000, la kati 3000. Kwa vipimo vya injini hii, kipande kimoja cha ramani ya dunia ya gemu kina upande wa 4096, kama mita 58 hivi, kwa hiyo 20000 ni zaidi ya mita 280 na 3000 ni mita 40 na kidogo. Umbali ndio unaomkaba prosesa, kwa sababu kila mtaa unaouongeza unakuja na majengo yake yote.

Halafu kuna hili ambalo lilinifurahisha zaidi: ukifupisha umbali, vivuli vya karibu huwa vikali zaidi bila kuongeza ubora. Ramani ni ileile, nukta ni zilezile, ila sasa zinagawanywa kwenye eneo dogo. Kijiko kimoja cha samli kwa chapati moja au kwa chapati sita, utaiona tofauti. Mimi niko 2048, na kivuli cha matundu ya uzio karibu na miguu yangu kinasomeka vizuri kuliko kilivyokuwa nilipoweka 4096 na umbali wa 20000.

Swali linakuja: si uweke 3000 tu uachane na mambo ya plagini? Nilicheza hivyo muda mrefu. Mjini hakuna tatizo, kwani kuta zinaziba macho na huoni mbali. Ukitoka nje sasa. Unasimama kwenye mlima juu ya Concord, miti yote kuanzia mita 40 haina kivuli, bonde linakuwa bapa kama picha ya kalenda, na ukitembea barabarani unaona mpaka wa vivuli unakutangulia kwenye lami. Hapo nina fremu 60 na prosesa ina nafasi tele isiyotumika. Namba moja haiwezi kutosha sehemu mbili tofauti kiasi hicho.

Ndiyo kazi ya Shadow Boost. Inaangalia kasi ya fremu muda wote na kubadilisha umbali wa vivuli wewe ukiendelea kutembea. Kwenye faili lake la ini unaipa lengo la fremu, umbali wa chini kabisa na umbali wa juu kabisa. Yangu ni lengo 58, chini 2500, juu 12000. Kwa nini 58? Fizikia ya gemu hii imefungwa kwenye fremu, ukiziachia zipande ovyo vitu vinaanza kurukaruka, kwa hiyo nimeifunga isivuke 60. Ukiweka lengo 60 wakati kikomo ni hichohicho 60, plagini haioni ziada yoyote na itabana vivuli hata pale ambapo hakuna sababu. Mwachie fremu mbili za kupumulia.

Nikupe mfano wa njia ninayoitumia kupimia. Unatoka lango la Diamond City, ule uwanja wa Fenway, mchana jua likiwa juu, unaelekea Goodneighbor. Mwanzoni kivuli cha nguzo ya taa mwisho wa mtaa kipo, kimelala juu ya gari lililoungua. Unasogea, unakata kona inayofungua majengo ya ghorofa, na ukikikodolea macho kile cha mbali unaona kinafifia kisha hakipo. Kaunta inasoma 55, inagusa 52, inarudi 57. Usipokuwa unakitafuta hutajua kimeondoka, maana macho yako yako kwenye madirisha, kuna mtu huko juu ana bunduki. Mtaa huohuo zamani ulikuwa unanipa 38.

Mapungufu yapo. La kwanza ni kwamba vivuli wakati mwingine "vinapumua". Ukigeuka haraka kutoka uchochoro kwenda barabara pana, mpaka wa vivuli unasogea mbele na nyuma kwa muda mfupi, na jioni inaonekana zaidi kwa sababu vivuli ni virefu na kinachokatwa ni kikubwa. Tiba yangu ni kukaza pengo kati ya chini na juu. Nilipojaribu 1000 hadi 20000 ilikuwa kero, kivuli cha mti kinaibuka karibu na pua yako. 2500 hadi 12000 naweza kuvumilia.

La pili, plagini ina kitu kimoja tu cha kuuza. Ikishafika chini kabisa na bado uko 45, imeishiwa. Hiyo hunitokea kwenye makazi niliyoyajenga mwenyewe, yenye mataa na uzio kila mahali, na kwenye mapigano makubwa ambapo skripti za modi zinakimbizana. Ndani ya majengo nako haina la kufanya, jua halipo. Miale ya jua ni mpangilio mwingine unaokula sana; mimi nimeishusha chini kabisa na wala siikumbuki. ENB, ile ya kurembesha picha za gemu, niliitoa, ni nzuri kwa kupiga picha, ila inakula kadi, na kadi yangu naihitaji.

Kwenye kuiweka, mambo mawili tu. Ukitumia Mod Organizer 2, programu ya kupangia modi, angalia kama profaili yako ina mafaili yake ya ini, maana ikiwa nayo, utahariri lile la kwenye Documents mpaka jioni na gemu isitikisike. Na angalia toleo la gemu. Plagini za aina hii zinaingia ndani ya gemu yenyewe, na toleo likibadilika zinaweza kugoma. Mimi nimebaki 1.10.163, lile la kabla ya sasisho kubwa la Aprili 2024, kwa sababu modi zangu nyingi za F4SE (kiongezo cha skripti cha gemu hii) ziko huko, na nimezuia gemu isijisasishe yenyewe.

Nani aiache? Mwenye prosesa mpya yenye nguvu. Mpwa wangu ana mashine ya namna hiyo; tulimwekea, akazunguka Boston nzima, umbali haukushuka hata mara moja kutoka kwenye kikomo cha juu. Akaifuta, akaandika 20000 kwenye ini, akaendelea na mchezo wake. Nyie wenzangu wa i5 za zamani, pakueni, anzeni na namba zangu, kisha mshushe ile ya juu kidogokidogo mpaka kule kupumua kuwe kumekoma kuwasumbua.